Zimwi Likujualo na Sehemu ya Pili

Alfajiri ya Jumanne, tarehe 20 Agosti 2024, mshukiwa wa mauaji ya Kware alitoroka katika kituo cha polisi cha Gigiri, Nairobi, pamoja na raia 12 wa Eritrea waliokuwa wamezuiliwa humo. Mwezi mmoja tu ulikuwa umepita tangu miili ya wanawake, iliyokatwakatwa na kutiwa katika magunia, ilipoanza kuopolewa kutoka katika shimo la machimbo lililogeuzwa jalala. Polisi walikuwa wametangaza kwamba mtu huyo amekiri kuwaua wanawake 42; wakili wake naye akaieleza mahakama kwamba mteja wake aliteswa ili akiri. Habari za kutoroka zilitufikia chuoni kabla ya chai ya asubuhi. Kijana mmoja ninayesoma naye shahada ya uzamili, ambaye huniita Mwalimu kwa kuwa nimemtangulia kwa umri na kwa chaki, aliinua macho kutoka kwenye simu yake akasema, huku akicheka: "Mwalimu, sehemu ya pili hiyo imeanza."

Hakuwa na nia mbaya. Sote tumelelewa na filamu, na filamu ndizo zilizotupa msamiati wa kulitajia lisilotajika. Isitoshe, mimi mwenyewe nilikuwa nimekwisha kufanyia mzaha jambo lile lile: mwezi mzima wa Julai nilipokea salamu za pole kutoka kwa watu wa bara waliochanganya Kware na Kwale, nami nikawajibu kwamba r na l za Kiswahili, ambazo wanafonolojia wetu wamezichunguza mpaka zikachoka, zimetosha kuhamisha maiti kilomita mia tano. Lakini kauli ya kijana yule ilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Sehemu ya pili. Niliwahi kuitazama sehemu ya pili mara moja, katika kibanda cha video cha Ukunda, na sijapata kumsimulia mtu kisa chake kikamilifu.

Msomaji mpenzi, naomba nianze na sehemu ya kwanza.

Mwanzoni mwa mwaka 1997 nilikuwa na umri wa miaka 12, mwanafunzi wa darasa la sita. Nyuma ya soko la Ukunda palikuwa na kibanda cha video: kuta za mabati, paa la makuti, mabenchi yasiyo na egemeo, televisheni iliyofungiwa ndani ya sanduku la mbao lenye kufuli, na deki iliyofunikwa kitambaa kilichofumwa kama maiti ya kitoto. Umeme ulipokatika mwenyewe aliwasha jenereta, na ngurumo yake ikaimeza sauti ya filamu. Hilo halikutudhuru, kwa kuwa filamu zenyewe hatukuzisikiliza kwa Kiingereza. Alikuwapo mkalimani. Siku hizi kazi hiyo inajulikana nchini kote kwa sababu ya DJ Afro na kanda zake. Yule wetu hakuwa na kanda wala jina, alisimama tu kando ya sanduku na kijiti mkononi, akatupa habari kwa lugha yetu. Kiingereza chake, nilikuja kutambua baadaye, kilikuwa nusu kwa nusu. Lakini alikuwa fanani hasa. Pale asipoelewa aliziba pengo kwa ubunifu wake, na mara nyingine ziba lake lilikuwa bora kuliko nguo.

Nilikuwa na rafiki. Jina lake silitaji, maana yu hai na ana watoto. Baba yake alitoka bara, alikuwa fundi cherehani, na takriban kila kaptura ya shule katika mtaa wetu ilipita chini ya sindano yake. Siku moja ya likizo ya Aprili tulilipa shilingi tano tano, tukaingia kutazama filamu ambayo ubao wa nje uliitangaza kwa chokaa kuwa ni "Mla Watu". Ilikuwa The Silence of the Lambs, ya mwongozaji Jonathan Demme, iliyotolewa mwaka 1991 kutokana na riwaya ya Thomas Harris. Mwaka 1992 ilikuwa imezoa tuzo tano kuu za Oscar kwa mpigo. Sisi hayo hatukuyajua. Tulijua tu kwamba tulikuwa watoto wawili miongoni mwa watu wazima, na kwamba mkalimani alitutazama akasema, "Nyinyi, mkilia mnatoka."

Hatukulia, ila tuliogopa woga ambao mpaka leo naukumbuka kwa mgongo wangu. Wanaoijua filamu hiyo watakubali kwamba woga wake hautokani hasa na Hannibal Lecter, daktari mla watu anayezungumza kwa upole nyuma ya kioo. Anthony Hopkins aliyemwigiza huonekana kwa takriban dakika 16 tu katika filamu ya karibu saa mbili. Woga unatokana na binti aliyetumbukizwa kisimani. Yu hai. Muuaji amemnyakua ili amchune ngozi ashonee vazi, na kila saa inayopita inamkaribisha na kisu. Clarice Starling, askari mwanafunzi aliyeigizwa na Jodie Foster, anamtafuta. Anakwenda kwa Lecter kumwomba fununu, naye Lecter anamuuza kila fununu kwa kipande cha utoto wake. Taharuki yote ya filamu imefungwa kwa uzi mmoja: je, yule binti atawahiwa?

Mkalimani wetu alimwita Lecter "Dakta", Clarice "binti askari", na muuaji, kwa kuwa alikuwa mtu wa sindano na nyuzi, akamwita "fundi cherehani". Kibanda kizima kiliangua kicheko kikageuka kumtazama rafiki yangu. Nami nilicheka. Rafiki yangu alijibu kwa sauti ndogo, "Baba hashoni ngozi," kicheko kikaongezeka.

Jioni tulipita kibandani kwa baba yake. Mzee hakuacha kukanyaga kanyagio. Alituuliza filamu ilihusu nini. Rafiki yangu akamwambia, "Ilihusu fundi." Akacheka sana. Akasema ni vyema siku hizi Wazungu nao wanawatungia mafundi sinema.

Wikendi ile nilikwenda Msambweni kwa bibi, mzaa mama. Usiku nilikataa kulala peke yangu, na nilipobanwa nikaungama. Bibi hakunikemea. Alinipisha nafasi katika kitanda chake cha kamba, akanitambia ngano ya zimwi lililommeza mtoto, likammeza na mama aliyekuja kumtafuta, likaendelea hata likammaliza kila mtu kijijini pamoja na mbuzi na majembe, isipokuwa kijana mmoja. Kijana yule alilivizia zimwi akalikata kidole cha mwisho, na kwenye kidole wakatoka wote, mmoja mmoja, wakiwa wazima na mbuzi wao. Nilimuuliza bibi: kisha zimwi likafanyaje? Likaota kidole kingine? Akaniambia, "Mjukuu wangu, ukiulizia habari za zimwi ilhali watu wamekwisha kutoka, basi wewe hukuwa unawangoja hao watu."

Nilikuwa mdogo mno kuyaelewa maneno hayo. Nilisinzia.

Usiku wa Jumatano, tarehe 13 Agosti 1997, wavamizi walikishambulia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua askari na kutwaa bunduki. Mambo yaliyofuata yameandikwa katika ripoti nyingi: nyumba na vibanda vilivyochomwa, watu wa bara waliosakwa, maelfu waliojibanza katika ua wa Kanisa Katoliki la Likoni, zaidi ya watu 100 waliouawa, na takriban 100,000 waliohama. Ghasia zilishuka kwa barabara ya kusini hadi kwetu. Ilikuwa miezi minne kabla ya uchaguzi mkuu, na wengi wa waliofukuzwa walikuwa watu waliotarajiwa kuipigia kura upinzani. Vijana walioshika mapanga wengi wao walikuwa Wadigo, watu wangu. Waliokuwa nyuma yao walikuwa wakubwa zaidi, na wala hawakushika chochote.

Kwetu Ukunda ulikuja moshi kwanza, kisha uvumi, kisha watu. Mama aliichukua familia ya rafiki yangu, mama yake na watoto watatu, akaiweka katika chumba cha uani pamoja na magunia ya makaa. Walikaa siku mbili. Mzee fundi hakuja nao. Alisema cherehani ni mali ya mkopo, haiachwi. Usiku wa pili mama aliondoka na mwana-mtaa mmoja kwenda kumbembeleza, wakarudi bila ya kumwona. Asubuhi wakampata. Sitayaeleza waliyoyaona, kwanza kwa kuwa mama mwenyewe hakuyaeleza, na pili kwa sababu ambayo itadhihirika mbele.

Juma lile lile lori lilifika kuwachukua waliotaka kwenda bara. Rafiki yangu alipanda akiwa amevaa shati langu. Hatukuagana kwa namna ya vitabuni. Aliniuliza kama nitampelekea mwalimu daftari lake la hesabu, nikasema ndiyo.

Baadaye maneno yalianza kutambaa. Ilisemekana kwamba miongoni mwa waliofika kwa fundi usiku ule alikuwapo kijana wa mtaa wetu, ambaye fundi alikuwa amemshonea suruali ya Idi mwaka ule ule. Kijana huyo aliondoka mtaani. Wengine walisema yuko msituni, wengine walisema yuko Tanga kwa shangazi. Miezi kadhaa ilipita. Siku moja nikitoka shule nilimkuta amekaa maskani, juu ya jiwe lake la zamani, anacheza bao. Hakuna aliyemuuliza kitu. Alikuwa amenizidi miaka kumi na zaidi, nami nililelewa kumsalimu kila aliyenizidi. Nilimwamkia: "Shikamoo." Akaitika: "Marahaba, mwanafunzi."

Ushahidi sina. Nasisitiza jambo hili kwa kuwa mtu asije akasema nimemhukumu mwenzangu kwa uvumi. Hakuwahi kushtakiwa, na yamkini alikuwa Tanga kweli. Lakini hata neno la Tanga halikuwahi kuulizwa kwa sauti. Lililonitisha ni utulivu wa ile bao. Walimu wetu wa fasihi simulizi hutufundisha kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha, na hutuambia methali hiyo inahimiza kuthamini mtu unayefahamiana naye, hata akiwa mbaya. Katika miaka ile nilianza kushuku kwamba methali ilitungwa na mtu ambaye zimwi lake lilikuwa limekwisha kushiba.

Sasa naifikia sehemu ya pili. Filamu ya Hannibal ilitolewa Februari 2001, ikiongozwa na Ridley Scott. Demme aliikataa, Jodie Foster naye aliikataa, nafasi ya Clarice ikachukuliwa na Julianne Moore. Hopkins alirudi. Ukunda tuliipata ikiwa katika VCD mbili za magendo, Desemba 2002, katika kibanda kile kile kilichokuwa kimepata kuta za matofali na feni. Nilikuwa kidato cha tatu. Wiki ile rafiki yangu alikuja pwani na mama yake kwa siku mbili, kwa mara ya kwanza tangu lori lile. Walifuatilia habari za kiwanja chao, nao hawakukipata. Jioni hatukujua la kuzungumza, na tulipopita kibandani tukauona ubao: "Mla Watu, Sehemu ya Pili". Tukatazamana kama watoto, tukaingia.

Niseme wazi kwamba filamu haikuwa ya kizembe. Ilitengenezwa kwa fedha nyingi, Florence imepigwa picha ikang'aa kama dhahabu iliyosuguliwa, na duniani iliingiza zaidi ya dola milioni 350, kuliko ile ya kwanza. Ukunda nako ilijaza mabenchi. Mkalimani alikuwa yule yule, amenenepa, na sasa alikuwa na kipaza sauti. Lecter alipojitokeza katika barabara za Florence, na kofia yake, akiishi kwa jina la bandia kama msomi wa mambo ya kale, mkalimani alipaza sauti: "Dakta amerudi!" Ukumbi ulipiga makofi. Nami nilipiga.

Kosa la filamu hiyo, kwa maoni yangu, limo ndani ya yale makofi. Katika sehemu ya kwanza anayetishiwa ni binti asiye na hatia, na sisi tumefungwa kisimani pamoja naye. Katika sehemu ya pili hakuna kisima. Inspekta wa Florence anayeuawa ni mroho, amemuuza Lecter kwa zawadi ya fedha. Tajiri Verger, asiye na uso, ni fisadi aliyedhulumu watoto, na amefuga nguruwe wa kumlisha Lecter akiwa hai (hapo kibanda kizima, Waislamu kwa wasio Waislamu, kilisema astaghfirullahi kwa sauti moja). Krendler, anayefunguliwa fuvu mezani na kulishwa ubongo wake mwenyewe, ni mkubwa wa kazi mwenye jeuri na maneno machafu kwa wanawake. Hakuna hata mmoja ambaye mtazamaji anaombewa amlilie. Kila anayekufa amekwisha kutayarishiwa hukumu, na muuaji, ambaye zamani alikuwa kitendawili, amekuwa hakimu mwenye adabu na ladha nzuri ya divai. Hadhira haitaharuki tena, inasubiri zamu ya nani, na ikishamjua inasema, "Alijitakia."

Neno hilo nililisikia. Inspekta aliponing'inizwa kwenye roshani, mtu wa benchi la mbele alisema, "Alijitakia." Msomaji, neno lile lile ndilo lililozunguka Ukunda mwezi wa Agosti 1997. Lilisemwa juu ya maduka yaliyochomwa, lilisemwa juu ya watu, na nasikitika kusema kwamba lilisemwa nyumbani kwetu pia, na mjomba wangu, juu ya fundi: kwamba alijitakia, angeiacha ile cherehani. Mauaji hayawezi kuvumiliwa na majirani mpaka aliyeuawa apatikane na kosa, hata liwe dogo kama kupenda cherehani. Filamu ya Hannibal ina ustadi mkubwa wa kuwapata na makosa watu wanaokaribia kuuawa.

Sharti nikiri, kwa ajili ya uadilifu, kwamba mbegu ya kosa hili ilipandwa katika sehemu ya kwanza. Mwishoni mwake Lecter aliyetoroka anapiga simu kutoka kisiwani, huku akimtazama bwana-jela wake wa zamani akishuka kwenye ndege, na tunaelewa chakula cha jioni kitakuwa nani. Tulicheka mwaka 1997, mimi na rafiki yangu, kwa sababu bwana-jela yule alikuwa mtu wa kuudhi. Ila kicheko kile kilidumu dakika moja, na kilikuja baada ya binti kutolewa kisimani. Scott na waandishi wake walichukua dakika ile moja wakaitandaza kuwa saa mbili na zaidi.

Diski ya kwanza ilipokwisha taa iliwashwa ili mwenye kibanda abadilishe. Rafiki yangu aliinuka akatoka. Nilidhani amekwenda haja. Nilipomfuata nilimkuta barabarani, anatazama daladala za baiskeli, ambazo pikipiki hazijaziangamiza bado. Nilimuuliza kama amechoka. Akasema, "Yule msichana wa kisimani. Mbona hawasemi alikwenda wapi?"

Sikuwa na jibu, na filamu haina jibu. Hayumo. Mtu ambaye tulikesha tukimwombea, ambaye ndiye aliyekuwa sababu ya sisi kuogopa, sehemu ya pili haikumhitaji hata kwa sentensi moja. Aliyehitajika ni mla watu.

Baadaye, nilipoingia chuo na kusoma riwaya ya upelelezi ya Kiswahili, swali la rafiki yangu lilinirudia kwa namna ya kitaaluma. Muhammed Said Abdulla alimleta Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960, kisha akamrudisha katika Kisima cha Giningi mwaka 1968 na katika riwaya nyingine zilizofuata. Ben Mtobwa alimrudisha Joram Kiango. Elvis Musiba akamrudisha Willy Gamba. Wahakiki wetu wamewalaumu waandishi hawa kwa kurudiarudia, na baadhi ya lawama ni za haki. Lakini tazama anayerudi. Katika riwaya hizo anayerudi ni mtafutaji. Wauaji huja na kupita, kila kitabu na wake, nasi hatuna haja ya kujua walilelewaje. Katika filamu za kutisha za Marekani aghalabu mambo ni kinyume: wanaotafuta na wanaouawa hubadilishwa kama sahani, muuaji ndiye anayerudi, na jina lake ndilo huwekwa kwenye ubao wa nje. Lecter alirudi tena katika Red Dragon mwaka 2002, kisha mwaka 2007, katika Hannibal Rising, tukaelezwa utoto wake, dada yake aliyeliwa wakati wa vita, na machungu yaliyomfanya awe alivyo. Zimwi limepewa wasifu na shajara. Katika filamu hizo yule binti hakusikika.

Sidai kwamba tofauti hii imetufanya sisi kuwa watu wema zaidi. Ukunda ya mwaka 1998 haikufuata kanuni za Bwana Msa. Waliorudi kwanza ni wale wa msituni.

Usiku ule wa Desemba 2002 tulirudi nyumbani kwa njia ya maskani. Yule mtu alikuwapo, juu ya jiwe lake. Kinywa changu, kwa mazoea, kilisema shikamoo kabla sijafikiri. Rafiki yangu, ambaye alikuwa na adabu za pwani kuliko mimi, aliamkia pia, na kwa mikono miwili akampa mkono. Yule mtu aliushika mkono wake akamtazama kwa muda. "Wewe ni wa yule fundi," akasema. "Ndiyo," rafiki yangu akajibu. "Pole," akasema yule mtu, na akarudi kwenye bao.

Rafiki yangu aliguswa sana. Njia nzima alisema kwamba tangu afike, huyo ndiye mtu wa kwanza nje ya nyumba yetu aliyemtajia baba yake na kumpa pole. Nilitembea kando yake. Nilikuwa na umri wa miaka 17, nilikuwa na uvumi bila ushahidi, na nilikuwa na mgeni anayeondoka kesho. Nilisema, "Ni mtu wa mtaa."

Ripoti ya tume iliyoongozwa na Jaji Akiwumi, iliyokabidhiwa serikali mwaka 1999, ilikuwa imetangazwa hadharani miezi miwili kabla ya usiku huo. Sikuisoma mpaka nilipoifikia katika maktaba ya chuo, miaka kadhaa baadaye. Sehemu inayohusu Pwani niliisoma kwa siku tatu, kidole juu ya mstari, nikitafuta jina la fundi. Yamo majina mengi ya wanasiasa, maofisa na vijana. Jina la fundi sikuliona. Hiyo ndiyo sababu niliyoiahidi huko nyuma: nikiandika namna alivyouawa, hicho ndicho kitakachobaki kichwani mwako, msomaji, nami ningependa ubaki na kanyagio cha cherehani kikienda juu na chini, na mzee akicheka kwamba Wazungu wamewatungia mafundi sinema.

Diski ya pili ya Hannibal niliitazama peke yangu baada ya kumaliza shule, kwa sababu ya ukaidi tu. Mwishoni Clarice anajifunga pingu na Lecter, mkono kwa mkono, ili asitoroke. Lecter anainua kisu cha nyama. Tunatarajia mkono wa binti utakatwa. Anaukata wa kwake. Hapo, kwa mara moja tu, filamu ile ilinigusa, kwa kuwa niliikumbuka methali, zimwi lililomjua likashindwa kumla, na niliikumbuka ngano ya bibi, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kufariki. Nilitazama ule mkono uliokatwa. Nilingoja, kwa upumbavu wa mtoto wa kitanda cha kamba, waanze kutoka. Hakutoka mtu. Picha iliyofuata ilimwonyesha Lecter ndani ya ndege, mkono umefungwa bendeji, akimwonjesha mtoto wa jirani chakula chake.

Siku ile ya Agosti 2024, baada ya kijana wetu kutangaza sehemu ya pili, simu yangu ililia. Alikuwa rafiki yangu. Sasa anaishi Nakuru na ana duka la vitambaa. Cherehani hataki kuiona. Alitaka kujua kama nimesikia habari za aliyetoroka, kisha akanitania, "Kware au Kwale, ndugu yangu?" Tukacheka kama kawaida. Halafu akaniuliza habari za nyumbani, mmoja mmoja: mama, mwenye kibanda, mkalimani. Na yule mzee wa maskani, aliyempa pole ile mwaka 2002, bado yu hai?

Nilimwambia yu hai, nilimwona Idi iliyopita, siku hizi anatembea kwa mkongojo.

"Mpe salamu zangu," akasema.

Nilinyamaza kitambo. Aliuliza kama mtandao umekatika, nikamwambia hapana, nipo, namsikia.